Mti Katikati ya Barabara

Binti yetu alikuja na habari ya ngazi. Hakukaa hata kitini. Alisimama katikati ya sebule na sare zake za uuguzi, mkoba bado begani, akasema, "Mama, Baba ameanguka tena. Hamwezi kuendelea kukaa nyumba ya ghorofa. Ile nyumba iliyo nyuma ya kwangu imebaki tupu, yote iko chini, haina hata ngazi moja. Mhamie pale."

Mimi nilikubali kabla hajamaliza, kwa sababu magoti yangu nayo yana maneno yake. Shida ilikuwa mume wangu. Presha ya macho imemla taratibu, mwaka baada ya mwaka, na sasa anachokipata ni mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita. Lakini ndani ya nyumba ile mgeni asingeweza kujua kwamba haoni. Aliichora mwenyewe tangu msingi, kila ukuta ulipo ni yeye aliyeuweka, na alikuwa akitoka sebuleni mpaka jikoni akiwa na kikombe mkononi bila kugusa kitu. Ngazi peke yake ndizo zilizomgeuka.

"Humu mimi ni mwenye nyumba," alimwambia binti yake. "Kule nitakuwa kipofu."

Kisha akanyamaza. Siku ile, na zilizofuata. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, maana huyu bwana hajawahi kuacha kitu kipite bila kukikosoa. Sukari imezidi, pazia limepinda, msoma habari wa redio amekata sentensi pasipofaa. Asubuhi moja nilichanganya makopo nikamtilia chumvi kwenye chai. Akainywa yote, akasema asante. Nilikwenda kukaa uani nikalia kidogo, kisha nikajifuta kwa kanga na kuanza kufikiri. Kuhama tungehama, binti yetu akishaamua jambo limekwisha. Nilichotaka ni kuhama na mume wangu, siyo na mzee mmoja mpole nisiyemfahamu.

Ili unielewe, lazima nikupeleke kwenye chumba cha wachoraji.

Nilikuwa mchoraji ramani. Nikisema hivyo siku hizi watoto wanadhani nilipaka rangi picha za nchi kwenye vitabu vya shule. Hapana. Wapima ardhi walirudi kutoka porini na buti zenye matope na hesabu zao, wakatubwagia sisi, nasi tukazigeuza kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukitandaza mezani na kusema, bomba lipite hapa, shule ikae pale. Kuna mitaa niliijua kwa kalamu kabla sijaikanyaga kwa miguu. Mpaka leo nikipita barabara kubwa, moyoni naiita kalamu nene.

Chumba chenyewe kilikuwa juu kabisa, madirisha mapana upande usiopigwa na jua, meza za kuinamia zimepangwa safu, na katikati meza moja ya kioo yenye taa chini yake kwa ajili ya kunakilia. Joto lilikuwa la kukutoa roho, na feni zilikatazwa, kwa sababu zilipeperusha karatasi na kukausha wino kwenye ncha za kalamu. Tulifunga leso kwenye kifundo cha mkono ili jasho lisidondokee kazi. Kabla ya kuvuta mstari uliitikisa kalamu karibu na sikio, ukasikiliza kama kile kisindano cha ndani kinagonga. Kikigonga, wino utashuka. Kisipogonga, usijaribu, utamwaga machozi.

Aliyenipokea pale ni mama mmoja mrefu, mcheshi, tuliyemwita Dada Wembe. Jina alilipata kihalali: alikuwa na uwezo wa kukwangua wino kwa wembe mpaka hata aliyeuchora mstari aape hakuuchora. Yeye ndiye aliyeniambia siri ya kuishi na mkaguzi.

Ofisi yetu ilikuwa na sheria: hakuna ramani inayokwenda kuchapwa bila kukaguliwa na mtu mwingine. Pembeni chini palikuwa na visanduku viwili, "Amechora" na "Amekagua", na kisanduku cha pili kilikuwa mali ya Bwana Nukta. Wakati ule alikuwa kijana bado, lakini alikuwa na uso wa hakimu. Tulimwita hivyo kwa sababu aliwahi kumrudishia mtu ramani nzima kwa ajili ya nukta moja, na nukta yenyewe ilikuwapo, ila haikuwa duara kamili.

"Sikia, mdogo wangu," Dada Wembe aliniambia. "Mkaguzi asipoona kosa hawezi kuamini. Atakaa na kazi yako mpaka aanze kukosoa mwandiko, unene wa mistari, mwisho atakosoa na wazazi wako. Mwachie kosa moja. Dogo, la wazi, mahali unapopajua wewe mwenyewe. Akilipata, roho yake inatulia, anasaini."

Kumbe kila mtu alikuwa na lake. Mmoja aliacha herufi ya mwisho ya jina la mto. Mwingine aliupindisha kidogo mshale wa kaskazini. Mimi nikachagua mti. Mti kwenye ramani zetu ulikuwa kiduara chenye kitone katikati, na nilichofanya ni kuuotesha mmoja pale ambapo mti hauna ruhusa, katikati kabisa ya barabara.

Bwana Nukta hakukosa kuuona hata mara moja. Alikuja nao mezani kwangu mwenyewe, ramani ameikumbatia, penseli nyekundu sikioni.

"Bibie, mti huu umeota barabarani."

"Samahani, bwana mkaguzi. Nitaung'oa."

Nami naushika wembe naukwangua polepole, huku yeye amesimama. Kwanza alisimama kimya. Baadaye akaanza kuniambia ile barabara ikoje, kwamba amewahi kuipita, kwamba pana mwinuko hapo na lori lilikwama mbele yao. Baadaye akaanza kuniuliza nimetoka wapi, nani kanifundisha mwandiko, mbona herufi zangu zimetulia hivi. Ule mti ningeweza kuung'oa mara moja. Nilizidi kuukwangua kwa uangalifu mkubwa, na Dada Wembe kwenye meza ya pili alikuwa akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Ndipo akaletwa mkuu mpya. Huyu tulimbatiza Bwana Utaratibu siku ya kwanza tu, kwa sababu kila sentensi yake ilianza na neno hilo. Aliona watu wanatoka meza hii kwenda meza ile, akachukia. Akaagiza kila mtu akae mahali pake, kazi iwekwe kwenye trei, tarishi aipitishe. Mkaguzi akapewa chumba chake mwisho wa korido, na mlango ukafungwa.

Tangu hapo mti wangu ulirudi umezungushiwa duara jekundu na hakuna zaidi. Tarishi anaweka, tarishi anachukua. Nilikuwa nikilitazama lile duara nikihisi nimeibiwa kitu, na sikuwa na pa kushtaki. Nilimkumbuka yule mtu, na sauti yake, na penseli yake sikioni. Sikumwambia mtu, hata Dada Wembe, ingawa yeye alikuwa ameshajua zamani.

Halafu siku moja ramani ikarudi imesainiwa, na mti wangu umesimama barabarani salama salimini.

Nilidhani ni bahati mbaya. Ramani iliyofuata nikaupanda juu ya daraja. Ikarudi na saini safi. Nikapiga moyo konde, nikauotesha mkubwa katikati ya njia ya kurukia ndege, mti ambao hata tarishi angeuona akiwa kwenye ngazi. Saini. Hapo jasho lilinitoka na leso haikusaidia. Mimi mwenyewe niliing'oa miti yangu kabla kazi haijakwenda kuchapwa, lakini je, makosa mengine, yale ya kweli, ya wachoraji wengine? Mkaguzi asiyeona, mwisho wake ni stoo, kuhesabu rimu za karatasi, na kwa Bwana Nukta hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa mzima mzima.

"Mwambie wewe," Dada Wembe alininong'oneza, "kabla Utaratibu hajamwambia."

Basi nikavunja sheria. Niliinuka, nikaikunja ile ramani ya uwanja wa ndege kwapani, nikapita korido yote mbele ya macho ya watu, nikabisha hodi. Alikuwa ameinamia meza. Hakuinua kichwa.

"Bwana mkaguzi," nikaanza, "nimekuja juu ya macho yako."

"Huu wa uwanja wa ndege umenitisha," alisema. "Nilidhani huji kabisa."

"Umeuona?"

"Na wa darajani. Na ule wa kwanza."

"Sasa kwa nini umesaini?"

Akauweka chini mkuki wake, yaani ile penseli, akanitazama. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nikiuwekea duara anakuja tarishi," alisema. "Nikiuacha, nilijua utakuja mwenyewe."

"Na kama ingekwenda kuchapwa hivyo hivyo?"

"Isingekwenda. Wewe huwezi kulala na mti barabarani."

Nilitaka kumpiga na ile ramani. Siku zote zile nimemlilia macho yake, kumbe bwana anaona mpaka ndani ya moyo wangu! Nilimpa maneno yake, yote, mpaka nikaishiwa. Alipokea akitabasamu, na nilipogeuka kuondoka nikajikuta natabasamu mimi pia, nikatembea korido nzima hivyo, sina hata aibu.

Haukupita muda, kwenye trei yangu ukaja mchoro ambao haukuwa wa ofisi. Nyumba ya ghorofa moja, imechorwa kwa mkono wa mtu anayejua, sebule, jiko, uani, ngazi, na juu yake chumba cha kulala. Pamoja nao kulikuwa na penseli nyekundu. Kwenye kisanduku cha "Amechora" yeye ameandika herufi za jina lake. Kile cha "Amekagua" kilikuwa kitupu.

Nilikagua. Nilikagua kama nilivyokaguliwa, bila huruma, na nikalipata. Chumba cha kulala kilikuwa na ukuta pande zote. Nikaandika kwa nyekundu, "Chumba hiki hakina mlango. Mtu ataingiaje?" Tarishi akaupeleka, akaurudisha. Chini ya maneno yangu palikuwa na mwandiko wake wa kusimama wima: "Uweke wewe, pale unapopenda kuingilia."

Nikauweka. Nikasaini. Dada Wembe, aliyekuwa anasoma begani kwangu bila kualikwa, alipiga kigelegele mpaka Bwana Utaratibu akatoka ofisini kuuliza huo ni mradi gani.

"Ni mradi wa muda mrefu, mkuu," Dada Wembe alimjibu.

Tulipooana walinipa mkaguzi mwingine, kwa sababu mume haruhusiwi kusaini kazi ya mkewe. Huyo mpya alisaini chochote, nami nikaacha kuotesha miti, haikuwa na ladha. Miaka ikaenda. Kalamu zikaondoka, zikaja kompyuta, nikajifunza kushika kipanya nikiwa tayari mama wa mtoto anayesoma sekondari. Dada Wembe alikataa katakata, akastaafu, akaniachia mpini wake wa wembe. Nukta naye akastaafu, akahamishia ukaguzi nyumbani. Siku yangu ya kuagwa walinizawadia ramani ya mji iliyowekwa kwenye fremu, na kabla mkuu hajaachia mkono wangu, mume wangu alikuwa ameshagundua kwamba mto umechorwa unapanda mlima. Watu walicheka mpaka keki ikasahauliwa. Nilijivuna siku ile kuliko siku ya harusi.

Huyo ndiye mtu aliyekunywa chai ya chumvi na kusema asante.

Kwa hiyo nilimwambia binti yetu anipeleke kwenye ile nyumba tupu, nikachukua na futi ya kupimia. "Mama, nyumba yenyewe ndogo, unapima nini?" aliuliza. Nikamwambia ashike ncha ile na anyamaze. Tulipima vyote, sebule, jiko, bafu, korido, vyumba viwili. Nilirudi na vipimo kwenye kanga, nikatafuta kipande kikubwa cha kadibodi, gundi, na uzi mnene wa kufumia.

Mkono wangu siku hizi unatetemeka, chai inalijua hilo na vitambaa vya meza vinalijua. Lakini uzi una huruma kuliko wino. Kila ukuta niliulaza kwa uzi, nikaacha nafasi palipo na mlango. Kitanda nilikikata kwa kadibodi, na meza, na kabati, na sinki, vyote kwa skeli, maana sijawahi kuchora bila skeli na sitaanza uzeeni. Nilijishtukia naimba. Mwisho kabisa nikang'oa kifungo kimoja kwenye shati lake kuukuu, nikakibandika katikati ya korido.

Nilimwekea mezani mbele yake, pale dirishani anapokaa, nikamshika mkono. Akauvuta.

"Mimi sina cha kuona hapo."

"Nani kakwambia uone? Nimekwambia ukague. Kazi yangu haitoki bila saini, sheria unaijua."

Nikaenda jikoni, nikagonga sufuria mbili tatu ili aamini nina shughuli, kisha nikarudi taratibu nikachungulia mlangoni. Muda mrefu hakufanya kitu. Halafu kidole kimoja kikatoka, kikagusa ukingo wa kadibodi na kusimama. Kikaingia kwenye mlango wa mbele. Kikazunguka sebule, kikaikuta meza, kikapita jikoni, kikapapasa sinki. Kikatoka kwenye korido, kikakifikia kifungo, kikapanda juu yake, kikashuka upande wa pili na kuendelea na safari.

Alikipita. Nilishika fremu ya mlango. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa kadibodi, akauondoa mkono, akauweka magotini, akageuza uso dirishani. Nilijua basi, imekwisha, nitahama na yule mzee mpole. Nilirudi jikoni nikasimama mbele ya sufuria zangu, sikumbuki nilitaka kupika nini.

"Bibie."

"Abee, bwana mkaguzi."

"Njoo. Mti huu umeota koridoni."

Nilikwenda mbio, na magoti yangu haya. "Mbona umeupita?" nilimuuliza. "Nimekuona kwa macho yangu, umeupita!"

"Nimeupita ili uje mwenyewe," alisema, na masikio yalikuwa yanamwiva vile vile. Kisha akakunja uso. "Lakini kuna kosa jingine, na hili si la mchezo. Huku. Chumba cha kulala hakina mlango."

Nikainama. Nikavaa miwani, nikainama tena. Kweli. Uzi ulikuwa umezunguka chumba chote pande nne, bila nafasi hata ya kupitisha kiberiti. Naapa sikulipanda hilo. Mimi, na umri wote ule mezani, nimejenga chumba kisichoingilika, na nisingejua.

"Sikufanya makusudi," nilimwambia.

"Najua. Ya makusudi nayafahamu." Alikuwa amechangamka, amesogeza kiti, viganja vyote viwili viko juu ya kadibodi. "Mlango wenyewe uko wapi kule?"

"Ukitoka bafuni, mkono wa kulia."

"Basi ufungue, bibie. Tutalala koridoni, na mti umeshapawahi?"

Nilichukua mpini wa Dada Wembe nikakata uzi mahali pake. Kidole chake kikaingia humo pole pole, kikafika kitandani, kikapima kutoka kitandani mpaka dirishani. "Kitanda mmekiweka mbali na dirisha," alisema. "Hakifai hapo. Nani kapanga hivi? Na hili kabati litanivunja goti. Mwambie binti yako nalikataa." Akaendelea hivyo, kila kitu kibaya, sinki liko chini, korido nyembamba, na mimi nimeketi sakafuni miguuni pake nikisema ndiyo, ndiyo, huku machozi yananitiririka kwa furaha.

Alipomaliza akanyoosha mkono. "Nipe kalamu. Kisanduku kiko wapi?"

Nilimwekea ncha ya kalamu pembeni chini, pale panapostahili. Aliandika herufi zake kubwa kubwa, na ya mwisho ikavuka kadibodi, ikashukia kwenye kitambaa cheupe cha meza. Tulihama mwisho wa wiki ile. Ukuta wa mlango wa mbele ni yeye aliyeugusa kwanza, akaingia mwenyewe, na kitambaa kile kiko juu ya meza mpya na herufi yake, asitokee mtu akaniambia nikifue.